Mama Mkubwa wa Mwanangu

Mwanangu wa kumzaa alipiga goti mlangoni kwa mdogo wangu, akainamisha kichwa nilichokisuka miaka yote ya utoto wake, akaniambia, "Shikamoo, mama mkubwa."

Sikuitikia. Wapo walionilaumu, wakasema shikamoo ya mtoto haiachwi ikianguka chini. Walionilaumu wana watoto wanaowaita mama hata wanapotaka chumvi tu, kwa hiyo hawajui neno hilo lina uzito gani. Uzito wake unaujua siku likinyanyuliwa.

Kazi yangu ni ususi. Nina chumba kimoja kando ya barabara, kioo kikubwa kilichomeguka pembe, viti viwili, benchi la wanaosubiri, na birika la umeme la kuchemshia maji ya kuchovya ncha za nywele. Kiti cha pili ni cha mwenzangu tunayemwita Mama Vibanio, kwa sababu huweka vibanio mdomoni akifanya kazi na huongea navyo humo humo, na huongea sana. Shule mimi niliipita kwa nje. Mama yetu alizaa wasichana wawili, mimi na mdogo wangu, na nafasi ya kusoma ilipatikana ya mmoja. Akaenda yeye. Mimi nikapewa kitana.

Sikumwonea kijicho. Nasema hivyo kwa sababu baadaye alinishtaki kijicho, na mama akamwamini.

Tulishika mimba wakati mmoja. Yeye alikuwa na mume mwema, karani wa ghala. Wangu mimi aliondoka mimba ikiwa changa, akaacha mkanda wake umening'inia msumarini, na mkanda huo ndio urithi pekee alioupata mwanangu upande wa baba. Tukapelekwa wodi moja. Mtoto wangu alikuwa amekaa vibaya tumboni, nikapasuliwa nikiwa katika usingizi wa dawa. Mdogo wangu alijifungua mwenyewe upande wa pili wa pazia, siku ile ile. Nilipozinduka nikakuta mtoto ubavuni pangu, na nyuma ya pazia kuna kilio cha mtu mzima.

Wake, niliambiwa, alilia mara moja, akanyamaza.

Mimi kwa ile dawa na lile jeraha sikupata maziwa. Mdogo wangu alikuwa nayo yanamlowesha gauni na hana wa kumpa. Muuguzi akafunua pazia, akatutazama wote wawili, akasema, "Jamani, Mungu amegawa vibaya, gawaneni wenyewe." Nikamnyanyua mwanangu nikampa mdogo wangu. Alimnyonyesha mpaka mtoto akaanza kusimama dede. Kila mtu alisema ni jambo zuri, na mimi nilisema hivyo hivyo. Mtoto akakua akiniita mama, na mdogo wangu akimwita mama mdogo, na hatukuona haja ya kuweka mpaka mwingine wowote kati yetu zaidi ya maneno hayo mawili.

Tulimpa jina la utani Kidole. Tangu hajajua kusema alikuwa akinyoosha kidole juu. Jioni nilikuwa nikimkalisha uani katikati ya magoti yangu nimsuke, na yeye, badala ya kuinama, anatupa kichwa nyuma aone nyota zinavyotoka. "Ile nini? Na ile?" Bibi yake akamwambia, "Acha kuzinyooshea, kidole kitaoza." Akajibu, "Bibi, kikioza nina vingine." Tulicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Kumbe hakuwa anacheza. Alisoma, akasoma, akapata ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea nyota zenyewe, mahali penye darubini kubwa kama nyumba. Alikuwa akinipigia simu nikiwa kazini, naweka kipaza sauti, na wateja wote wanasikiliza. Siku moja alisema, "Mama, unajua nyota nyingi unazoziona moja ni mbili?"

"Mbili vipi?"

"Ziko mbili, zinazungukana, zimekaribiana mno. Kwa jicho ni nukta moja. Lakini ukiuchambua mwanga wake unakuta ni mwanga wa wawili."

"Na ninyi mnaamini hivyo bila kufika huko?"

"Mwanga haudanganyi, mama."

Mama Vibanio akatoa kibanio mdomoni. "Muulize, na hizo mbili hazigombani?"

Kidole akacheka huko aliko. "Wakati mwingine moja humla mwenzake, shangazi."

Nakumbuka maneno hayo kila nikichovya ncha za nywele.

Alipopata kazi huko huko, akataka nimfuate. Alisema ana chumba, ana kiti cha kukalia karibu na dirisha, na kuna wanawake chungu nzima wanaotafuta msusi. Nikaenda ubalozini, nikapanga foleni, nikafika kwenye dirisha la kioo lenye tundu la kuongelea. Bwana wa dirishani akasema kwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiliandikishwa kwa kuchelewa, tupimwe vinasaba. Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema ni ile mbegu ya mtu inayoonyesha katoka kwa nani, nusu kwa mama, nusu kwa baba. Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, kwa upande wa mama huna haja. Njoo uone kovu."

Hakucheka. Wakanipangusa ndani ya shavu kwa pamba iliyofungwa kijitini. Kidole akapanguswa huko kwake.

Majibu yalipokuja, bwana yule alinisomea huku ananitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyevaa vizuri. Akasema mimi si mama wa yule binti. Nikamwambia arudie. Akarudia. Akasema kuna udugu wa damu, ndiyo, lakini udugu wa mama mkubwa au mama mdogo. "Mama, ungesema tu ukweli tangu mwanzo kwamba ni mtoto wa ndugu yako. Sasa umeidanganya serikali."

Nikashika ukingo wa lile dirisha. Nyuma yangu watu wakaanza kunung'unika kwamba nachelewesha foleni.

Wanaume wamewekewa methali ya kuwasitiri. Kitanda hakizai haramu, husemwa, na mtoto akaitwa wa mwenye kitanda, mambo yakaisha. Mama hakuwekewa yake. Hakuna aliyewahi kuitunga, kwa sababu hakuna aliyedhani itahitajika.

Kidole alinipigia jioni ile. Mara hiyo hakuuliza habari za kazi.

"Mama, niambie ukweli. Sitakasirika."

"Ukweli gani? Nimekuzaa."

"Vipimo havisemi hivyo."

"Basi vipimo vimekosea."

"Nimewauliza. Wamerudia." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu. "Wanasema wewe ni dada wa aliyenizaa. Mama, una dada mmoja tu."

Angekuwa karibu ningemshika uso. Simu haina uso.

Nilimfuata mdogo wangu kwake nikidhani nakwenda kuliwazwa. Mume wake alikwisha fariki miaka hiyo, alikuwa akiishi peke yake katika nyumba safi yenye vitambaa juu ya kila kiti. Nikamweleza nikilia. Yeye hakulia. Akakaa chini polepole, akaweka mikono kifuani, pale pale alipokuwa akimpakata Kidole, akasema, "Nilimsikia akilia."

"Nani?"

"Mwanangu. Siku ile. Alilia kwa nguvu. Mtoto aliyelia vile hafi. Nilimwambia muuguzi, nikaambiwa nina homa."

"Mdogo wangu, huyo wako alizikwa."

"Alizikwa mtoto. Nani alinionyesha uso?" Akanitazama. "Wewe ulikuwa umelala. Hukumwona wako akitoka. Unajuaje aliyetoka kwako alitoka hai?"

Nikainua blauzi nikamwonyesha kovu. "Na hili?"

"Kovu linasema ulipasuliwa. Halisemi alitolewa nani."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," nikamwambia.

"Na wewe uchungu hukuujua," akasema. "Ulilala usingizi."

Niliondoka bila kuaga. Nimesuka nywele za watu wenye majonzi ya kila namna, wafiwa, walioachwa, waliofukuzwa kazi, na huwa nadhani najua maneno yote ambayo mtu anaweza kuambiwa. Hilo nilikuwa sijalisikia.

Mama yetu alikuwa mzee, macho yamefifia, lakini ulimi bado mkali. Tulikwenda mbele yake wote wawili. Alitusikiliza kila mmoja kwa zamu, kisha akauliza swali moja: "Nani alimnyonyesha?" Akainyoosha mikono kwa mdogo wangu. Mimi akaniambia, "Mrudishie mwenzio mtoto wake. Ulimwonea kijicho tangu alipopelekwa shule."

Mama yangu mzazi alisema hivyo. Damu nzito kuliko maji, lakini siku ile maziwa yalikuwa mazito kuliko vyote.

Kidole aliporudi likizo hakufikia kwangu. Nilikuwa nimetandika shuka jipya kitandani, nimeosha pazia. Nilisikia kwa mteja kwamba ameonekana kwa mama yake mdogo, na mteja mwenyewe alitamka kisha akajiziba mdomo, maana hakujua tena ni sahihi kusema vipi. Nikaacha kichwa cha watu nusu, Mama Vibanio akakimalizia. Nikaenda. Ndipo mlango ukafunguliwa, na goti likapigwa, na nikaitwa mama mkubwa.

Alikuwa amekonda. Alikuwa na macho ya mtu aliyelia ndani ya ndege. Nyuma yake mdogo wangu alisimama ameshika kikombe, akimtazama kisogo kama anayeogopa kitayeyuka.

"Kidole," nikasema.

"Sikulaumu," akasema. "Najua ulinilea. Najua hukufanya wewe, labda ni wauguzi. Lakini siwezi kuendelea kukuita kitu ambacho si kweli. Kazi yangu ni kufuata ushahidi."

"Ushahidi." Nilirudia hilo neno ili nisipige kelele. "Mwanangu, wewe unaamini nyota ziko mbili ambazo hujawahi kuzigusa. Mimi umenigusa."

"Nyota zimepimwa, mama—" Akajikata. "Mama mkubwa."

Alijikata, akarekebisha. Ningemsamehe vyote, lakini kule kurekebisha kulinikaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Kisha ikatokea jambo ambalo lilitugeuza wote. Mdogo wangu ndiye sasa alitakiwa kufuatana na Kidole ng'ambo, kama mama yake. Akaenda kupimwa akiwa amevaa gauni jipya na viatu vya kisigino. Mama Vibanio alimwona akipita barabarani, akaniambia, "Anatembea kama bibi harusi, maskini." Hakusema kwa ubaya. Sisi wote tulijua anakwenda kupewa mtoto wake aliyemzika.

Majibu yake yakasema naye si mama. Yakasema ni mama mkubwa au mama mdogo.

Ubalozini wakadhani tumeiba mtoto mahali, tunamzungusha. Kesi ikatupwa kwenye hospitali kubwa, kwa daktari wa vinasaba, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayekula karanga juu ya makaratasi yake. Alituita sote: mimi, mdogo wangu, Kidole, na mama yetu tukiwa tumemshika mkono. Chumba kilikuwa kidogo, magoti yetu yaligusana. Ilikuwa mara ya kwanza tumekaa pamoja tangu maneno yale, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Daktari akatutazama kwa zamu. "Hawa wawili ni ndugu wa baba na mama. Na wote wawili ni ndugu wa mama wa huyu binti. Bibi, huyo binti yako wa tatu yuko wapi?"

"Wa tatu?" Mama akageuza sikio. "Nimezaa wawili. Wa tatu ni wa kwenu huko maabara."

"Bibi, hakuna aibu. Labda ulimpa mtu amlee?"

"Mjukuu wangu," mama akamwambia daktari, "mimi nimekaa na mume mmoja nyumba moja. Mtoto angetokea ningemkanyaga."

Hata mdogo wangu alicheka kidogo, kwa pua. Daktari hakucheka. Aliacha kutafuna. "Mimba zako zilikuwaje? Ya huyu mkubwa, kwa mfano."

"Kubwa," mama akasema. "Mkunga aliweka sikio akasema ni pacha. Akatoka mmoja. Wakunga nao maneno yao mengi."

Daktari akaziweka karanga pembeni. Akaniambia nirudi kesho yake peke yangu. Akachukua ngozi kidogo ya mkono, nywele za upande huu na upande ule, na akachukua vitu kule ndani, kwenye mlango wa uzazi, akiniomba radhi mara nyingi. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta mtu. Sitaki kukutajia kitu kabla sijamwona."

Kidole likizo ikaisha, akaondoka bila kuja kwangu. Majibu yakachelewa, maana sampuli zilipelekwa mbali. Katikati hapo mama akaugua. Nilikwenda kumuuguza zamu yangu kama mtoto yeyote, nilimwosha, nikamchana. Nywele zake zilikuwa zimebaki chache kama nyuzi za kitambaa kilichofumuka. Siku ya mwisho alinishika kidole, akaniambia, "Umemrudishia?" Nikamwambia, "Nimemrudishia, mama." Ningejibu nini? Akalala ameridhika na mimi nikiwa mwizi. Amezikwa hivyo, na hakuna maabara inayopima huko.

Ndipo daktari akaniita.

Alifunga mlango, akasema, "Nimempata."

Akanieleza polepole, na alipoona sielewi alirudia kwa maneno mengine, namshukuru kwa hilo. Alisema tumboni mwa mama tulikuwa wawili kweli, pacha wasiofanana, wasichana. Katika siku za mwanzoni, tukiwa wadogo kuliko punje ya chumvi, tulishikana tukawa mmoja. Huyo mmoja ndiye mimi. Lakini kila mmoja aliingia na vinasaba vyake, na havikuchanganyika, vikagawana mwili. Damu yangu ni ya mmoja, na mate. Nywele za kulia ni zake huyo. Nywele za kushoto ni za mwingine, na mji wa uzazi na mayai ni ya huyo mwingine.

"Kwa hiyo mtoto…"

"Mtoto alitoka kwenye yai la pacha wako. Ndiyo maana damu yako inaonekana ni ya mama mkubwa."

"Pacha wangu yuko wapi?"

"Amekaa hapo ulipokaa."

Nikatazama mapajani kwangu. Sijui nilitarajia kuona nini. "Kwa hiyo nilimla?"

"Hukumla. Mliungana. Ni jambo nadra, lakini lipo, na kuna wengi nadhani wanaishi wakafa nalo bila kujua, kwa sababu hakuna aliyewapima." Akavua miwani. "Wewe ndiye mama yake. Ulimbeba wewe, hakuna mtu mwingine. Nitaandika hivyo kila mahali panapotakiwa kuandikwa."

Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la nje kati ya mtu aliyefungwa bandeji na mwanamke anayebembeleza mtoto, nikamlilia yule dada yangu ambaye hakupewa hata jina. Tumeishi pamoja maisha yote. Kila nilipopigwa alipigwa. Mkanda ulipoachwa msumarini tuliachwa wote. Na siku yule mtoto alipozaliwa, nilikuwa nimelala. Nani ajuaye, labda yeye alikuwa macho.

Kazini Mama Vibanio alirusha mikono juu. "Si nilisema! Miaka yote nimesema kichwa hiki kina wenyewe wawili! Kushoto kinasukika kama hariri, kulia kinavunja vitana!"

"Ulisema. Ulisema pia nina pepo."

"Hilo bado hawajapima," akasema, kisha akanikumbatia na vibanio vyake vikanichoma shingo.

Kidole alipigiwa na daktari mwenyewe. Baada ya hapo akanipigia mimi.

"Mama," akasema.

Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa namna ambayo sijawahi kumngoja mwanamume. Lilipofika nikakuta limegongwa mhuri.

"Nani amekuambia?"

"Daktari."

"Mimi nilikuambia kabla yake."

"Najua, mama. Najua. Nisamehe. Ningejuaje? Haikuwa na…" Akalia. "Mimi ndiye nilikuambia habari za zile nyota. Ningepaswa kufikiria. Kila siku naziona mbili ndani ya moja, kila siku, na sikufikiria."

"Nyota umesomea," nikamwambia. "Mimi sikukutaka unisomee."

Alisema sasa nitakubaliwa kwenda, makaratasi yote yametengenezwa, kiti bado kipo karibu na dirisha. Nikamwambia nitafikiri. Bado nafikiri. Hupiga simu mara kwa mara, nami mara napokea, mara naitazama mpaka inyamaze. Si kwamba simpendi. Nampenda kiasi kwamba siwezi kumpa nafasi ya kunipima tena.

Wa kumhurumia zaidi labda ni mdogo wangu, na mimi kwa muda mrefu sikutaka kumhurumia. Alimzika mtoto wake mara ya pili, na mara hii hakukuwa na jeneza wala watu wa kumwambia pole, maana watu walisema, "Si alitaka kumnyang'anya mwenzake?" Vitambaa vya kwenye viti akavitoa. Aliacha kutoka. Mara ya mwisho nilipomwona barabarani nywele zake zilikuwa hazijachanwa, zimeshikamana kama godoro lililonyeshewa, na tulipishana bila salamu.

Kisha siku moja akaingia kazini kwangu mchana, benchi limejaa. Mama Vibanio akatoa vibanio vyote mdomoni, akaviweka mezani, kitu asichokifanya hata akila. Mteja wangu alikuwa ndiyo kwanza ameinuka. Mdogo wangu akapita mbele ya wote, akakaa kwenye kiti changu, akaniangalia kupitia kioo kilichomeguka.

"Kuna foleni," mmoja wa benchini akasema.

"Nyamaza wewe," Mama Vibanio akamwambia.

Nikachukua kitana. Nikaanza na ncha, kama inavyotakiwa kwa nywele zilizofungamana, nikipanda juu kidogo kidogo. Sikumwonea huruma sana.

"Unaniumiza," akasema.

"Najua."

Nikapaka mafuta, nikachora njia, nikaanza msuko wa kwanza. Wasiojua hudhani msuko ni mafungu mawili yanayopishana, kwa sababu yanayoonekana juu ni mawili. La tatu linapita chini. Ukiliachia kabla ya kufunga, vyote vinafumuka.

Simu ikalia mezani kando ya birika. Picha ya Kidole ikawaka. Sote wawili tuliiona, mimi na yeye, na mkono wake ukaondoka mapajani kisha ukarudi.

"Pokea," akasema.

"Nina kichwa mkononi."

"Dada." Hakugeuka. Aliniangalia kupitia kioo, macho yake yamejaa mpaka ukingoni. "Pokea. Mwanao anapiga."

Hakuwa amelisema hilo neno mwanao tangu siku aliyojishika kifua. Birika likaanza kuchemka, hakuna aliyeinuka kulizima.

"Pokea wewe," nikamwambia. "Mwambie mama yake ana kazi."

Akanyoosha mkono, akaichukua, akaiweka sikioni upande ambao sijausuka. "Mama yako ana kazi," akasema, taratibu, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. "Ananisuka." Kisha akasikiliza. Sikujua anaambiwa nini, na sikuuliza. Mabega yakaanza kumtikisika, kichwa kikatikisika nayo, na njia niliyoichora ikapinda.

Sikumwambia atulie. Nilishika mafungu yangu matatu juu juu, nisiyaachie, nikasubiri.